Hesabu za Moyo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kamwokya inapakana na kilima cha Mulago. Ndiyo maana wanafunzi wa udaktari, mafundi wa mashine za hospitali na vijana wa hesabu hupanga vyumba huku, kuanzia Kifumbira hadi pembeni mwa Kira Road. Kule kilimani ndiko iliko Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako hupelekwa wagonjwa wa moyo walioshindikana mikoani. Maagizo haya ni ya kijana anayeshuka kutoka Mulago na kompyuta mgongoni, ndani yake mna picha za eko, yaani picha za moyo zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti, naye anataka kuzigeuza kuwa namba.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Mashine inatoa picha za moyo ukidunda. Mtu au programu inachora mipaka ya chumba cha chini cha kushoto, yaani ventrikali. Mipaka hiyo inaingizwa katika modeli ya hesabu, na modeli inatoa ujazo wa damu, nguvu ya msukumo, shinikizo au ukakamavu wa msuli. Daktari anasoma namba hiyo na kuamua dawa, upasuaji au kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: modeli haiujui moyo wa mgonjwa wako. Inajua umbo ulilolidhania na mistari uliyoichora. Asiyekubali hilo asiguse faili ya mgonjwa.

KABLA YA KUSHIKA PROBU

1. Fanya: pima mwili kabla ya kupima moyo. Uzito, urefu, presha ya mkononi na mapigo kwa dakika vipimwe siku hiyohiyo, na saa iandikwe. Uzito ni sehemu ya jibu. Miongozo ya Shirikisho la Moyo Duniani ya mwaka 2023, inayotumika kuwachunguza watoto kama wana ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, inaangalia urefu wa damu inayovuja kwenye vali ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo: sentimita 1.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, sentimita 2 kwa mwenye kilo 30 au zaidi. Uzito uliokisiwa kwa macho unaweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine.

2. Usifanye: usihesabu maji ya tumboni kuwa ni mwili. Ujazo wa moyo hugawanywa kwa eneo la mwili, na eneo hilo hupatikana kwa uzito na urefu. Mtu wa sentimita 160 na kilo 50 ana eneo la takribani mita za mraba 1.49. Tumbo lake likijaa lita 10 za maji, mizani itasoma kilo 60 na hesabu itatoa 1.63. Msukumo wa mililita 75 kwa pigo, uliokuwa mililita 50 kwa kila mita ya mraba sasa unaonekana kuwa 46. Moyo haukubadilika hata kidogo. Andika uzito wa mizani, andika kwamba kuna maji, na kama uzito wa kabla ya kuvimba unajulikana, utumie huo na useme umeutumia.

3. Fanya: uliza modeli yako ilifundishwa kwa mioyo ya nani. Mkusanyo wa EchoNet-Dynamic uliotangazwa mwaka 2020 una video 10,030 za eko kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ni kazi nzuri na imewasaidia wengi. Lakini wagonjwa wa California si wagonjwa wa Mulago. Vali iliyosinyaa kwa homa ya baridi yabisi katika umri wa miaka 15 ni nadra kule, na hapa ni jambo la kila kliniki. Programu iliyofundishwa kwingine ijaribiwe kwanza kwa picha za hapa zilizopimwa na wataalamu wa hapa. Hata iwe imesifiwa vipi, haina haki ya kuruka mtihani huo.

WAKATI WA KUCHUKUA PICHA

4. Fanya: hesabu fremu. Mtoto ambaye moyo wake unapiga mara 120 kwa dakika ana milisekunde 500 tu kwa pigo zima. Mashine inayochukua picha 25 kwa sekunde inapata picha moja kila milisekunde 40, yaani takribani 12 kwa pigo. Ile nukta moyo unapobana hadi mwisho inaweza kupita katikati ya picha mbili. Matokeo yake ujazo wa mwisho wa kubana unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na nguvu ya moyo inaonekana ndogo. Punguza upana na kina cha picha mpaka kasi ya fremu ipande. Mashine ndogo za mkononi ndizo zinazohitaji uangalifu huu zaidi.

5. Usifanye: usikate ncha ya moyo. Probu, yaani kifaa kinachowekwa kifuani kupiga picha, ikikaa juu kidogo ya mahali pake, ventrikali huonekana fupi na nene. Hesabu itameza umbo hilo bila kulalamika na kukupa ujazo mdogo. Dalili ni hii: ile unayoiita ncha inachezacheza kuelekea vali kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ukiiona, sogeza probu. Hakuna programu itakayokurudishia sehemu ambayo haikupigwa picha.

6. Usifanye: usichague pigo zuri. Mgonjwa wa vali ya mitrali iliyosinyaa mara nyingi ana mapigo yasiyo na mpangilio, kwa sababu atriamu, yaani chumba cha juu, imetanuka na kupoteza mdundo wake. Pigo moja linafuata mapumziko marefu na linasukuma damu nyingi. Linalofuata linasukuma kidogo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, pima mapigo yasiyopungua matano na utoe wastani. Anayechagua pigo moja kwa kuwa picha yake inapendeza anaandika anachokitaka yeye.

7. Fanya: elekeza mwale wa Doppler, unaopima kasi ya damu, sambamba na damu. Tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za tundu jembamba hukadiriwa kwa kuzidisha 4 na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kasi ya mita 4 kwa sekunde ina maana ya milimita 64 za zebaki. Mwale ukipinda nyuzi 30, mashine itasoma mita 3.46, na hesabu itasema milimita 48. Robo ya shinikizo imepotea kwa sababu ya mkono wako. Kwa kuwa kosa hili daima hupunguza na halizidishi, tafuta kasi kubwa kwa kupima kutoka madirisha kadhaa ya kifua kabla ya kuamini yoyote.

8. Usifanye: usipokee video ya eko kwa WhatsApp na kuifanyia hesabu. Ikifika simuni imeshabanwa. Kipimo cha sentimita kwenye picha kimepotea, na muda kati ya fremu haujulikani tena. Zaidi ya hayo, jina la mgonjwa mara nyingi limeandikwa juu ya picha. Omba faili halisi kutoka kwenye mashine. Ikikosekana, kazi isifanyike.

WAKATI WA KUCHAGUA MODELI

9. Usifanye: usikadirie chumba kizima kwa mstari mmoja. Kanuni ya Teichholz ya mwaka 1976 inachukua kipenyo kimoja cha ventrikali na kutoa ujazo wote: 7 kugawanywa kwa jumla ya 2.4 na kipenyo, kisha mara kipenyo, mara kipenyo, mara kipenyo. Jaribu mwenyewe. Kipenyo cha sentimita 5.0 moyo ukijaa kinatoa mililita 118. Cha sentimita 3.4 moyo ukibana kinatoa 47. Hapo EF, yaani asilimia ya damu inayotoka kwa kila pigo, ni 60. Sasa sogeza alama ya pili milimita 3 tu, iwe sentimita 3.7. Ujazo unakuwa 58 na EF inashuka hadi 51. Milimita 3 ni chini ya unene wa ukuta wa moyo wenyewe, lakini zimemtoa mgonjwa kwenye kundi la wazima na kumweka pabaya. Na kama sehemu moja ya ukuta haisogei, kanuni hiyo haitaiona kabisa, kwa kuwa inadhani sehemu zote zinabana sawasawa.

10. Fanya: tumia mbinu ya visahani, kwa pande mbili. Mbinu ya Simpson inaigawa ventrikali katika visahani 20 kutoka kwenye vali hadi ncha, inapima kila kimoja katika picha mbili zilizokatizana, kisha inajumlisha. Kosa dogo kwenye kisahani kimoja haliwezi kuharibu vyote. Angalia urefu wa ventrikali katika picha zote mbili. Ukitofautiana sana, picha moja imekatwa ncha. Rudi agizo la 5.

11. Usifanye: usilazimishe umbo la yai kwenye moyo ambao si yai. Hapa ndipo Uganda ina la kuifundisha dunia. Mwaka 1948 mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies, akifanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo huota kovu nene. Kovu hilo hupenda kuanzia kwenye ncha na kupanda, likijaza chumba kutoka chini, mpaka ventrikali inabaki kama gunia lililoshonwa nusu. Wagonjwa wa aina hiyo wangali wanakuja, wengi wao vijana, tumbo limejaa maji na miguu ikiwa haijavimba sana.

Modeli nyingi zinaanza kwa kudhani kwamba ventrikali ni yai refu lenye ncha wazi. Zikipewa moyo huu, zinafanya moja kati ya mabaya mawili. Ama zinachora mpaka kupita ndani ya kovu na kuhesabu kovu kuwa damu, ama zinakataa ncha na kuvuta umbo zima upande. Katika hali zote mbili programu inaweza kutoa namba safi, isiyo na alama ya onyo.

Hata ukichora vizuri, EF itakudanganya. Chukua chumba kilichobaki na mililita 60 tu za damu. EF yake ni 60, inaonekana salama. Lakini asilimia 60 ya 60 ni mililita 36. Kwa mapigo 100 kwa dakika, moyo huo unatoa lita 3.6. Mtu mzima mwenye ventrikali ya mililita 120, EF hiyohiyo na mapigo 70 anatoa lita 5. Moyo wa kwanza unabana vizuri. Shida yake ni kwamba haujai. Kwa mgonjwa huyu toa ujazo, msukumo kwa pigo na ukubwa wa atriamu, na uandike wazi kwamba EF isitumike peke yake.

12. Usifanye: usiisifu EF ya moyo unaovuja. Vali ya mitrali ikivuja sana, ventrikali ina njia mbili za kutoa damu, na mojawapo ni rahisi: kurudi nyuma kwenye atriamu. Ventrikali ya mililita 180 inayobana hadi 72 ina EF ya 60 na msukumo wa mililita 108. Pima damu inayopita kwenye mlango wa aota, mshipa mkubwa unaoipeleka mwilini. Ukikuta mililita 54, ujue nusu ya kazi inapotea. Ndiyo maana madaktari wa moyo, vali ya mitrali inapovuja sana kwa ubovu wake yenyewe, huihesabu EF ya 60 au chini yake kuwa dalili ya ventrikali kuanza kuchoka. Namba inayofariji kwa mtu mwingine hapa ni kengele.

13. Usifanye: usitumie kanuni ya 220 mahali pasipo pake. Eneo la vali ya mitrali iliyosinyaa hukadiriwa kwa kugawa 220 kwa muda, kwa milisekunde, ambao tofauti ya shinikizo inachukua kushuka nusu. Muda wa 220 unatoa sentimita moja ya mraba. Ndani ya kanuni hiyo kuna modeli iliyojificha: inadhani kwamba kulegea kwa atriamu na ventrikali hakuathiri muda huo kwa kiasi cha kujali. Mara tu baada ya vali kupanuliwa kwa puto, dhana hiyo huvunjika. Huvunjika pia vali ya aota inapovuja sana, kwa kuwa ventrikali inajazwa kutoka pande mbili. Katika hali hizo chora tundu lenyewe kwenye picha na ulipime.

WAKATI WA KUOANISHA MODELI NA PICHA

14. Usifanye: usitoe ukakamavu bila shinikizo. Kuna modeli zinazoigawa ventrikali katika vipande vingi vidogo, zikaupa msuli sheria za fizikia, kisha zikatafuta thamani zitakazoufanya moyo wa kompyuta usogee kama wa kwenye picha. Zina uwezo mkubwa, na mtego wake ni huu: picha inaonyesha tu jinsi ukuta ulivyosogea. Zidisha ukakamavu wa msuli mara mbili na shinikizo la kuujaza mara mbili, ukuta utasogea vilevile. Picha ni ileile, lakini mioyo ni miwili tofauti. Bila shinikizo lililopimwa, au lililokadiriwa kwa njia nyingine na kutajwa hivyo, unachoweza kutoa ni uwiano tu. Anayetangaza ukakamavu halisi kutokana na picha peke yake ametunga.

15. Fanya: ijaribu modeli kwa moyo unaoujua. Tengeneza moyo wa bandia kwenye kompyuta kwa thamani ulizozichagua mwenyewe. Toa picha zake, zichafue kwa makosa madogo ya nasibu yanayolingana na ya mashine yako, kisha iambie programu itafute zile thamani. Ikishindwa kurudisha ulichokiweka mwenyewe, itawezaje kupata usichokijua?

16. Fanya: anza kutoka mahali tofauti. Programu ya kutafuta jibu hukwama kirahisi karibu na ilipoanzia. Ianzishe mara nyingi kwa makisio ya kwanza yaliyo mbalimbali. Majibu yakikusanyika pamoja, endelea. Yakitawanyika huku yote yakilingana na picha sawasawa, data yako haitoshi kuamua. Hapo usichukue wastani wa majibu yaliyotawanyika. Rudi ukatafute kipimo cha ziada.

17. Usifanye: usiongeze vigezo ili mchoro upendeze. Ukiwa na picha 12 za pigo moja na vigezo 20 vya kurekebisha, utapata mlingano mzuri hata kwa makosa ya mashine. Ficha pigo moja, oanisha modeli na yaliyobaki, kisha uone kama itatabiri lile lililofichwa.

18. Fanya: andika vizio kwenye kila mstari wa programu. Hospitali inazungumza kwa milimita za zebaki, wahandisi kwa kilopaskali. Presha ya 120 ni kilopaskali 16. Mtu akisahau kubadilisha, modeli itaimeza tofauti hiyo ndani ya ukakamavu na kukupa msuli mgumu mara saba na nusu kuliko ulivyo, na mchoro utalingana vizuri kabisa.

19. Usifanye: usifiche mabaki. Kila mara kunabaki tofauti kati ya modeli na picha. Ionyeshe ilivyo, na ukuta kwa ukuta. Mabaki yaliyojaa upande mmoja yanakwambia kwamba umbo ulilolidhania si la moyo huo. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika kazi hii kilio si cha mfichaji.

WAKATI WA KUTOA NAMBA

20. Usifanye: usiandike EF ya 54.37. Wapimaji wawili wazuri kutofautiana kwa pointi 5 hadi 10 juu ya mgonjwa mmoja ni jambo la kawaida. Desimali mbili hapo ni urembo. Andika 54, andika kiwango cha shaka, andika mbinu iliyotumika na ubora wa picha.

21. Usifanye: usilinganishe namba za mbinu tofauti. EF ya Januari kwa Teichholz na ya Juni kwa visahani hazisemi kama mgonjwa amepona au amezidiwa. Kama unataka kujua mabadiliko, chukua picha zote mbili na uzipime upya kwa mkono mmoja na mbinu moja.

22. Fanya: jua mstari wako unampeleka mtoto wapi. Kwa ugonjwa wa homa ya baridi yabisi, picha huanzisha tiba ya miaka. Utafiti wa GOAL uliofanyika kaskazini mwa Uganda uliwaandikisha watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokutwa, kwa eko tu, na ugonjwa wa vali ambao haujaonyesha dalili. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Baada ya miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa. Kumbe faida ipo, na ni kubwa. Kwa hiyo anayekosea mstari kwa kupunguza anamnyima mtoto kinga, na anayekosea kwa kuzidisha anamchoma mtoto mzima kila mwezi na kumpa mzazi wake hofu. Mtoto aliye karibu na mpaka asomwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake.

23. Usifanye: usibebe majina ya wagonjwa hadi chumbani kwako. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya mwaka 2019, na taarifa za afya zimo ndani yake. Faili zifutwe majina kabla ya kuondoka hospitalini. Utafiti upate kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kabla ya picha ya kwanza, si baada ya matokeo mazuri.

24. Fanya: andika "haikukadirika" inapostahili. Picha mbaya, mapigo yaliyovurugika, umbo lisilolingana na modeli yoyote uliyonayo: kila moja ni sababu ya kutosha. Chini ya neno hilo taja sababu, na utaje kipimo kinachohitajika, kama ni eko ya kurudia, MRI au katheta ya kupima shinikizo ndani ya moyo. Kisha mpigie daktari simu umwambie, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu mtu mwingine ataijaza kwa kukisia.